Wateja wa Haraka

1

Mimi ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo. Nikipimiwa nyama natazama mizani, sitazami nyama. Nikisifiwa najiuliza huyu anataka nini. Mama yangu anasema hata nilipokuwa mchanga sikulishika titi mpaka nimtazame vizuri usoni. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia alitembea mwaka mzima na shetani shingoni asijue, utamwamini? Basi niamini. Nilikuwa nauza, na kuuza kukikolea kunalewesha kuliko gongo.

Shetani mwenyewe aliitwa Dira. Kila wakala wa kampuni ya Pepo Nne alipewa yake, duara la chuma linaloenea kiganjani, tukalivaa chini ya fulana ya kazi. Ukipita mtaani likakaa kimya, endelea na safari zako. Likitetemeka polepole, nyumba hiyo labda itanunua siku za mbele. Likipata moto mpaka kifua kikakuwasha, simama hapohapo: pana mteja wa haraka, atakayechukua boksi la intaneti kabla wiki haijageuka. Hatukuambiwa linajuaje. Tuliambiwa tubishe hodi na tutabasamu.

Na ilibidi kukimbizana, maana Singida yetu ilikuwa na makampuni manne yakigombea mapaa yaleyale. Mambo yote yalikuwa yamehamia hewani: kadi ya kliniki, darasa, baraza la ardhi, hata kibali cha kuzika. Simu haikuwa na bando lake tena, ilikunywa intaneti ya nyumba iliyo karibu. Lakini watu wa kwetu ni wagumu kama majabali yao. Wanakaa kibarazani kwa jirani wanakunywa ya kwake, wakimaliza wanamuaga na kuondoka. Kuwauzia ilikuwa kazi, nasema kazi.

Siku hiyo nilikuwa Mandewa, nyuma ya yale mawe makubwa, nasukuma baiskeli yangu ya umeme. Nilipofika kwa Mzee Sungi, Dira ikanichoma mpaka nikashika kifua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja na habari za intaneti, geuka na baiskeli yako."

Mzee Sungi alikuwa dereva mstaafu wa malori, mwili umejaa, meno yote mdomoni, amekaa kwenye kigoda anabangua karanga. Alinitazama nilivyoshika kifua.

"Una nini, binti?"

"Kiungulia, mzee."

"Kunywa mtindi." Akanimiminia karanga kiganjani, nyingi mpaka zingine zikaanguka. "Mimi na bibi yako tuko wawili tu. Watoto mmoja yuko Uturuki, mwingine Kanada. Wakitaka kuniona, waje. Hiyo intaneti nitaipikia nini?"

Nikamchekesha, nikamsifia karanga, nikamtia namba yangu mfukoni mwa shati. Nikamwambia akibadili mawazo anipigie mimi, asiwapigie wapinzani wetu wa mnara mwekundu.

"Nikibadili mawazo ujue nimekufa," akasema, tukacheka wote wawili.

Keshokutwa yake simu ikalia. Mwanamume mgeni, sauti ya mafua. "Wewe ndiye Eliwaza wa intaneti? Namba yako tumeikuta kwenye shati la mzee. Tunataka boksi leo hii, lile kubwa kabisa."

Unajua nilifanya nini? Nilirusha ngumi hewani. Kwanza nilishangilia, halafu ndipo nikajiuliza kwa nini namba wameikuta kwenye shati, na mzee mwenyewe yuko wapi.

2

Msiba wa Sungi ulijaa. Turubai mbili, viti vya kukodi, masufuria nyuma ya nyumba yanachemka. Nikapanda juu ya bati, nikafunga antena, nikawasha boksi, na mtoto wa Uturuki na mtoto wa Kanada wakatokea mbashara kwenye pazia jeupe, kila mmoja analia kwa saa za nchi yake. Kamati ya msiba ikanishukuru. Mjane hakuniangalia.

Sasa, wewe unajua mtani wa ukoo akiwa msibani hana adabu, wala hakuna wa kumtia adabu. Atalala kaburini akidai apewe mbuzi ndipo atoke. Atavaa suruali ya marehemu na kutembea kama yeye. Ndiyo kazi yake, kuwachekesha wafiwa wasipasuke. Mtani wa akina Sungi alikuwa Mihayo, mzee mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Nilipokuwa nashuka kwenye ngazi akanishika mguu.

"Jamani! Huyu msimpe kiti!" akapiga kelele. "Aliingia kwa mama Njiku, tukazika. Akaingia kwa fundi Kipandwa, tukazika. Juzi kaja hapa kula karanga za Sungi, leo tunakula wali wa Sungi! Huyu si wakala. Huyu ni bundi! Bundi mwenye antena!"

Watu wakacheka. Mtani akisema, lazima ucheke. Mimi pia nilicheka, mdomo tu. Halafu kicheko kikaanza kukatika, kwanza kwenye viti vya wanaume, halafu kwa wale wanawake wa kwenye masufuria, maana kila mtu alikuwa anahesabu kichwani, na hesabu ilikuwa inakubali.

Mama Hango akainuka na mwiko wake. Huyu ndiye mwenye mashine ya kukamua alizeti pale Misuna, mwanamke wa miraba minne, anayebeba gunia la mashudu kama wewe unavyobeba mtoto. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye khanga yake.

"Lisemwalo lipo," akasema. "Mtani anatania. Mimi sitanii. Binti, kwangu usikanyage. Nikikuona getini nakumwagia mafuta ya moto, na polisi nitawaita mwenyewe."

Nikasema, "Mama, mimi nauza intaneti tu."

"Na bundi analia tu," akajibu.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nikazipitia nyumba zote ambazo Dira ilinichoma mwaka ule. Kwa fundi Kipandwa, mzima wa afya, aliyeanguka akiwa juu ya ngazi. Kwa mama Njiku. Kwa yule mwalimu wa Ipembe. Si zote, jamani, ziko zilizonunua kwa sababu ya harusi au mtoto mchanga. Lakini zilizonichoma kweli, zile za kuwasha kifua, karibu zote nilikuja kufunga boksi huku watu wanachimba kaburi. Na mimi nilidhani ni mdomo wangu mtamu.

3

Ofisi yetu ilikuwa chini ya jabali, na juu ya jabali ulisimama mnara. Injinia wetu, Zuhura Kidanka, nilimkuta mezani anakula chapati peke yake. Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Dada Zuhura, Dira inajuaje?"

Akaacha kutafuna. "Inajuaje nini?"

"Usinizungushe. Inajuaje nani atakufa?"

Nilimshuku kwamba ataliruka swali. Hakuruka. Alifuta vidole kimoja kimoja, akatazama dirishani kule juu kwenye mnara, kisha akaongea taratibu, na nilivyomwona ni mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

"Mwili wa mtu ni maji na chumvi," akasema. "Wimbi la mnara likipita ndani ya nyumba, linagusa kila mwili na kurudi limebadilika kidogo. Ukitembea linabadilika. Ukipumua linabadilika. Moyo ukidunda, kifua kinasogea chini ya unene wa ukucha, na wimbi linajua. Mwanzoni tulitaka kujua tu nyumba ina watu wangapi, ili tuwauzie boksi la kuwatosha."

"Hata nyumba isiyo na boksi letu?"

"Wimbi halibishi hodi, Eli."

"Halafu?"

"Halafu tukaipa mashine kazi. Tukaiambia: haya ndiyo mawimbi ya nyumba zote, na hizi ndizo zilizonunua haraka. Tafuta zingine zinazofanana nazo. Hatukuiambia itafute wagonjwa. Tuliiambia itafute wateja." Akaisogeza chapati pembeni. "Na hakuna mteja wa haraka kama mfiwa. Ndugu wako mbali, mazishi ni kesho, kibali kinaombwa hewani. Mashine haijui kifo ni nini. Inajua tu kwamba moyo ukidunda kwa namna fulani, boksi litanunuliwa."

Nikakaa.

"Na kuna jingine," akasema. "Ikishachagua nyumba, inachagua na mtu wa kumtuma. Inamtafuta yule ambaye nyumba hiyo haitamfungia mlango. Wewe ilikupenda. Una uso wa msibani, mtulivu."

Uso wa msibani! Mimi!

Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Bwana Ntandu, meneja wetu wa mauzo, na kikopo chake cha peremende. Huyu bwana alikuwa mkarimu kupita kiasi, sauti laini, hakumbuki kukasirika. Nilimshuku tangu siku aliyonikaribisha kazini. Akatupa kila mmoja peremende, akakaa kwenye kona ya meza.

"Nimesikia mnazungumza mambo ya afya," akasema.

"Bosi, tuwaambie watu," nikasema. "Dira ikichoma, tuwaambie waende hospitali."

"Utamwambiaje mtu, Eliwaza? 'Shikamoo, unakaribia kufa'? Na asipokufa? Na akifa, nani atakutoa mikononi mwa ndugu zake? Wewe ni mtu wa hapa. Unajua kuchuria kunavyohesabiwa."

Nilijua. Kwetu kifo hakitajwi mbele ya mzima, anayekitaja ndiye aliyekileta.

"Sasa sikiliza," akaendelea, laini vilevile. "Tukikiri kwamba mnara unasikia mioyo ya watu, kesho serikali inaung'oa. Vizuri, waung'oe. Ukishang'oka, nani atasikia mioyo hiyo? Hakuna. Watakufa walewale, kwa namna ileile. Mwambie Zuhura aniambie tumemuua nani."

Zuhura alitazama chapati yake. Mimi kilichoniudhi ni kwamba mtu mwenye peremende mdomoni aseme neno nisilojua pa kulikata. Nikatoka. Peremende niliitema mlangoni pake.

4

Kwa siku kadhaa nilipita mitaa ambayo haina watu wengi. Dira ilikaa kimya, na mimi nikakaa kimya. Halafu nikawa nakatiza Misuna kwenda kununua unga, na kwenye kona ya mashine ya alizeti kifua kikashika moto.

Nikasema hapana. Nikapita. Nikarudi, nikijidai nimesahau kitu. Ikachoma zaidi. Kupitia geti niliwaona: Baba Hango, mume, mtu mpole asiyesikika, anafunga dumu. Vijana wa kazi wawili. Na Mama Hango mwenyewe, ana gunia begani, anawafokea wote kwa pamoja. Dira ilikuwa inanivuta kwake yeye. Akisogea kulia, joto linahama kulia.

Sitasema uongo, moyo wangu ulisema, mwache. Si yeye aliyekutangaza bundi hadharani? Si yeye aliyefanya wauza nyanya wafunike nyanya zao ukipita? Nenda kanunue unga wako. Akifa, usiende kufunga boksi, aende mwingine, na mikono yako itakuwa safi. Nilisimama pale nikijisikiliza, nikajichukia. Maana nilijua hesabu yangu na hesabu ya Ntandu ni moja, tofauti yetu ni peremende.

Nikafungua geti.

Kijana mmoja aliniona akazima mashine. Kelele zilivyokatika, uwanja mzima ukageuka. Nilikuwa na fulana ya Pepo Nne mwilini, boksi sina, mkoba sina. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani: Mama, nakuomba ukapimwe moyo. Sasa nikayapima upya. Nikiyasema, nimechuria. Hatanisikiliza, atanipiga, na gunia litabaki begani.

"We!" Mama Hango akapiga kelele. "Nilikwambiaje wewe?"

Baba Hango akaja mbele, dumu bado mkononi. "Eliwaza, mwanangu. Umekuja kuuza?"

Nikatikisa kichwa.

"Hukuja kuuza?"

"Sikuja kuuza, baba."

"Sasa umefuata nini?"

Nilimtazama tu Mama Hango, na nadhani machozi yalikuwa yameanza, maana niliwaona wote wana ukungu. Baba Hango akafuata macho yangu mpaka kwa mkewe. Akaweka dumu chini, polepole sana.

"Toka kwangu!" Mama Hango alilibwaga gunia chini. "Unanitazamia nini, mchawi wewe? Mchuma janga hula na wa kwao! Hilo janga lako utakula na mama yako aliyekuzaa!" Akaokota donge la mashudu, likanipata kwenye paji la uso. Sikuondoka.

"Mama Hango," mumewe akasema. "Panda bajaji."

"Niende wapi? Mimi mgonjwa?"

"Panda bajaji twende hospitali."

"Sipandi! Baba Hango, na wewe unasikiliza bundi?"

"Utapanda," akasema yule bwana asiyesikika, "au nitakubeba mbele ya wateja wako." Na kwa kuwa asingeweza kumbeba peke yake, akawaita vijana. Wakambeba watatu, na matusi yake yote. Niliyasikia mpaka walipokata kona ya lami.

Daktari alimkuta mshipa wa moyo umebaki na njia nyembamba kama uzi. Aliuliza nani aliyewashtua, maana mgonjwa wa hivi, alisema, huwa analetwa akiwa ameshanyooka.

Mama Hango alipona. Baada ya muda aliniletea dumu la mafuta ya alizeti, akampa kijana wa kazi alibebe pamoja na maneno: Mama Hango anashukuru sana, na anakuomba, kwa jina la Yesu, usije kwake kuijibu hiyo shukrani.

5

Hapo mji ukapata ujanja wake. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeandika, lakini kila mtu alijua: ukiona fulana ya Pepo Nne getini, usibishane, chukua mgonjwa wako nenda hospitali. Kama huna mgonjwa, nendeni wote. Ilifika mahali wakala akisimama kufunga kamba ya kiatu, nyumba nzima inatoka na blanketi. Daktari mmoja alinikuta sokoni akaniapia kwamba benchi lake limejaa watu wenye afya ya ng'ombe. Halafu akashusha sauti. "Lakini katikati ya hao," akasema, "wapo. Wapo, dada. Endelea."

Nikaendelea. Nilipita hata mahali ambapo sikutumwa. Watoto waliniona wakakimbia, mama zao wakafunga milango, na nyuma ya milango nikawasikia wakiulizana: baba, kifua chako vipi? Nyumbani kwangu hakuna aliyekuja kuomba hata chumvi. Uliwahi kukaa mahali watu wanakuheshimu kwa kukukimbia? Unakula wali wako peke yako, na unazungumza na sufuria.

Mauzo ya Pepo Nne yakaanguka. Nilisubiri Bwana Ntandu anifukuze. Hakunifukuza. Akaniuliza kama nakula vizuri. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi ya kufukuzwa.

Dira yangu ikaacha kuchoma. Nilipita Misuna, Mandewa, Ipembe, kimya kabisa, kama jiwe. Nikamuuliza Zuhura kama imeharibika.

"Haijaharibika," akasema, hanitazami. "Inajifunza. Ilikutuma mara nyingi, hukuuza. Sasa haikutumi tena kwa watu hawa."

"Itamtuma nani? Wote wanakimbiwa."

"Ndicho inachotafuta," akasema. "Mtu ambaye hatakimbiwa." Akaondoka kama anayewahi mahali, na mimi sikumfuata kumuuliza zaidi. Hilo nalijutia mpaka leo.

6

Siku iliyofuata Bwana Ntandu aliniita ofisini. Peremende, kiti, maji baridi.

"Eliwaza, umechoka."

"Sijachoka, bosi."

"Umechoka. Mji huu umekutenda vibaya, na wewe hukumtenda mtu." Sikutegemea. Mwaka mzima hakuna aliyeniambia neno kama hilo. "Lini mara ya mwisho umemwona mama yako?"

Nikajaribu kukumbuka. Mama yuko Kinyangiri, analima uwele wake na kufuga kuku wake. Tangu mvua za vuli nilikuwa namwahidi nakuja, nakuja. Simu alikuwa anapokelea kwa jirani, maana nyumbani kwake hakutaka boksi hata la bure. "Hicho kidude kisiingie kwangu," alikuwa ananiambia. "Mimi na wewe tukitaka kuonana, una miguu."

"Nenda ukamsalimie," akasema Ntandu. "Likizo, kwa gharama zetu. Dira iache hapa mezani, likizo ni likizo. Na usiende mikono mitupu." Akatoa boksi jipya chini ya meza, limefungwa kwa karatasi ya maua. "Mnara wa Kinyangiri tumeusimamisha juzi juzi, unashika vizuri. Mfungie mama, awe anakuona kila siku. Zawadi."

Nililia pale ofisini. Mimi, ninayetazama mizani! Nilimshika mkono kwa mikono miwili nikasema ahsante, bosi, Mungu akubariki.

Nilifika Kinyangiri mchana. Mama alikuwa uani anapepeta uwele, pumba zinaruka, kuku wamemzunguka. Ameneemeka, nikasema moyoni, mashavu yamejaa. Nilikuwa nimevaa gauni, si fulana ya kazi, na boksi nimelikumbatia kifuani. Aliinua macho akaniona kwenye njia ya minyaa.

Nilitegemea vigelegele. Mama yangu akiniona hupiga vigelegele mpaka majirani wanadhani kuna mchumba. Safari hii ungo ulitua chini kimya. Akaingia ndani. Akatoka ana kifurushi cha khanga, amekifunga fundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hospitali gani?"

"Mama!" Nikacheka, na kicheko kilitoka kibaya. "Nimekuja kukusalimu. Mimi ni mwanao."

"Habari zako zimefika mpaka huku, Eliwaza. Majirani wamenisimulia. Wanasema hauongei, unasimama tu getini unatazama." Alinitazama usoni, sana, vile alivyonisimulia kwamba mimi nilikuwa namtazama nilipokuwa mchanga. "Kwa hiyo niambie wewe. Umekuja kunisalimu, au umekuja kikazi?"

"Kusalimu, mama. Haki ya Mungu. Niko likizo."

"Uliomba likizo?"

Kuku mmoja alikuwa ananidonoa kamba ya kiatu.

"Nilipewa," nikasema.

"Na nani?"

"Na bosi."

"Akakupa na hicho?"

Nikatazama mikononi mwangu. Karatasi ya maua. Bora lisingekuwa na maua. Nikamsikia Zuhura, mtu ambaye hatakimbiwa, na nikayaona macho yake yanayonikwepa. Ni nani duniani ambaye mama yangu hawezi kumfungia mlango? Na mimi nikaja mpaka hapa nikiwa nimelikumbatia boksi mwenyewe, nikimwombea Ntandu baraka.

Mkono ukaenda shingoni, pale Dira inapokaa. Palikuwa na ngozi tupu, haina baridi wala joto. Labda ni zawadi tu. Labda mtu mkarimu ni mkarimu. Nilimtazama mama, mashavu yake yaliyojaa, na sasa nikayaona vizuri: hayakuwa yamenenepa, yalikuwa yamevimba. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka mno kwa mtu aliyekuwa ametulia akipepeta uwele.

Niliweka boksi chini, juu ya pumba.

"Vaa viatu, mama," nikasema.

Mama akainua khanga kidogo, nione. Alikuwa ameshavaa.